Mama amelazwa Marekani? Usisaini usichokisoma

Mama alikuja Texas kututembelea kwa viza ya miezi sita. Wiki ya tatu presha ikapanda usiku, mkono wa kushoto ukalegea, tukamkimbiza dharura. Nyumbani Tanzania ungeanzia dirishani: faili, malipo, risiti, ndipo umwone daktari. Hapa hakuna aliyetuuliza senti. Sheria ya mwaka 1986 inazitaka hospitali zenye idara ya dharura na zinazopokea fedha za Medicare (bima ya afya ya serikali, hasa ya wazee) kumpima kila anayeingia na kuituliza hali yake, awe na hela au hana, awe na karatasi au hana. Kwa hiyo msimfiche mgonjwa ndani kwa kuogopa gharama.

Mimi nilinaswa saa nane za usiku. Dada mmoja mpole alisukuma kompyuta ya magurudumu mpaka kitandani, akanipa kalamu ya plastiki na kibao kidogo kinachoonyesha mstari wa kusaini tu. Akasema ni fomu za kawaida. Nikasaini mara nne. Mojawapo ilinifanya mdhamini wa malipo, na miezi miwili baadaye bili ya dola 31,000 ikaja kwa jina langu, si la Mama.

Ndugu zangu, usisaini usichokisoma! Omba fomu ya karatasi, utafute neno "guarantor". Huyo ndiye mdhamini. Majimbo yana sheria zake, lakini kwa kawaida deni la mtu mzima ni lake, na mwanawe analibeba pale anapotia sahihi. Ridhaa ya matibabu unaweza kuisaini kwa niaba ya mgonjwa asiyejiweza, ukaandika wazi kwamba ni kwa niaba yake. Fomu ya malipo iache. Huduma ya dharura hairuhusiwi kucheleweshwa kwa sababu ya malipo, hata mtu akikusimamia na kalamu mkononi.

Bili ikishafika, omba mchanganuo wa kila kipimo na kila dawa, kisha uombe msaada wa malipo. Hospitali zisizo za faida zinalazimika kuwa na utaratibu huo kwa maandishi, na zinapokea maombi hadi siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kuruhusiwa. Yangu ilishuka hadi dola 9,000. Bado nalipa kila mwezi.

Shangazi zangu mlioniambia "serikali ya huko si inalipa?": hailipi. Mgeni anakuja na bima yake, nayo isomeni kabla ya kukata tiketi, maana nyingi haziyagusi maradhi ya zamani. Presha ya Mama ni ya tangu 2009.

Mkalimani ni haki, tena bure. Mimi nilijitia kutafsiri mwenyewe, na Mama akanificha kwamba anakunywa dawa ya mizizi. Alipopewa mkalimani wa Kiswahili kwa simu alisema yote. Kusema yote ni wajibu wa mgonjwa, ila mwanao siye wa kuambiwa kila kitu.

Tukija kwa wanaomjulia hali mgonjwa. Nesi hawezi kumpa mjomba aliyepiga kutoka Moshi habari za mgonjwa bila idhini, kwa hiyo msimgombeze. Picha za wodini msirushe kwenye kundi la ukoo; ile ya Mama ilimwonyesha na mzee wa kitanda cha pili, ambaye hakutuomba kupigwa picha. Siku nne sikuona mtu akija kumwona mzee huyo. Watu wa hapa wanaheshimu faragha mpaka mtu anaugua peke yake, na hilo sitalizoea.

Ila sisi nasi tunazidisha. Dada zetu wa kanisani walikuja kumi na mbili na chupa ya mtori, nesi akawazuia mlangoni: mwenye kiharusi halishwi kitu mpaka apimwe kama anaweza kumeza. Walinuna. Mama alipimwa kesho yake asubuhi, na hata maji yalimpalia.