Jinsi ya kusoma Fomu 460: fedha za kampeni California

Kamati za kampeni jimboni California, ziwe za mgombea ugavana, ubunge wa jimbo au za kupigania hoja inayopigiwa kura, hueleza mapato na matumizi yao kwenye Fomu 460. Za ngazi ya jimbo utazipata bure Cal-Access, tovuti ya Katibu wa Jimbo.

Hatua ya 1. Tafuta kamati kwa namba yake. Mgombea mmoja aweza kuwa na kamati kadhaa zenye majina yanayokaribiana. Ukikuta ripoti ya kipindi kimoja imewasilishwa mara mbili tatu, chukua marekebisho ya mwisho.

Hatua ya 2. Fungua ukurasa wa muhtasari. Safu A ni kipindi cha ripoti, safu B ni jumla ya tangu Januari. Wengi hukimbilia mstari wa 5, jumla ya michango, kwa kuwa ndiyo tarakimu ambayo kampeni hujitangazia. Mimi huanza na wa 16, fedha zilizobaki, kisha wa 19, madeni. Tuseme zimebaki dola 200,000 na deni ni 180,000: kamati hiyo iko hoi, hata ikijigamba vipi.

Hatua ya 3. Jedwali A lina wachangiaji. Aliyefikisha dola 100 kwa mwaka hutajwa pamoja na kazi na mwajiri wake. Wapange kwa mwajiri. Wafanyakazi kumi wa kampuni moja wakichanga kiasi kilekile siku ileile, hilo si kosa, ila kuna mtu aliyewakusanya. Kwa wagombea ubunge wa jimbo, ukomo wa 2025–2026 ni dola 5,900 kwa kila uchaguzi, na mchujo huhesabiwa mbali na uchaguzi mkuu.

Usiruke Jedwali B, la mikopo. Mgombea wa jimbo anaweza kuikopesha kampeni yake, ilimradi anachodai kisizidi dola 100,000 kwa wakati mmoja. Mkopo huo ukilipwa baada ya ushindi, mchango wa mfadhili unaishia mfukoni mwa mheshimiwa.

Hatua ya 4. Jedwali E ni malipo, kila moja na msimbo wake: LIT ni vipeperushi, TEL ni muda wa televisheni, CNS ni washauri. Ukiona CNS imemeza fedha nyingi, nenda Jedwali G, ambako hutajwa waliolipwa dola 500 au zaidi kupitia kwa mshauri. Jedwali F lina ankara ambazo hazijalipwa.

Hatua ya 5. Siku 90 kabla ya kura, acha kungoja Fomu 460. Mchango wa dola 1,000 au zaidi huripotiwa ndani ya saa 24 kwa Fomu 497. Fuatilia pia Fomu 496, ya wanaomtangaza au kumpinga mgombea bila kushirikiana na kampeni yoyote. Hao hawana ukomo wa matumizi, na kwenye Fomu 460 ya mgombea huwaoni kabisa.