Kabla Hujanunua Darubini ya Kwanza: Mambo ya Kuzingatia Ukiwa Kigoma

Maelekezo mengi ya kutazama nyota yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, kwa anga ya kwao. Huanza na Nyota ya Kaskazini. Kigoma tuko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo nyota hiyo iko chini ya upeo. Panda kilima chochote, hutaiona. Lakini tulichopata sisi ni kikubwa zaidi. Mwezi Mei, saa tatu au saa nne usiku, Msalaba wa Kusini unasimama upande mmoja na zile nyota saba za Dubu Mkubwa upande wa pili, kwa wakati uleule. Mtu wa London akikaa kwao hauoni Msalaba huo maisha yake yote.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, ijue kwanza anga hii kwa macho matupu. Programu ya Stellarium, inayoonyesha ramani ya anga, itakusaidia, mradi uhakikishe imewekwa Kigoma na si mji mwingine. Kumbuka pia kwamba saa yetu ni moja na ya Dar es Salaam ingawa tuko mbali magharibi: jua linazama karibu saa moja jioni, na giza la kufaa linaanza saa mbili na robo hivi. Ukitoka saa moja na nusu utaona sayari za Zuhura au Mshtarii kama zipo, na si zaidi.

Usiku usio na mwezi ndio unaoutafuta, na wavuvi wa dagaa nao wanautafuta huohuo. Wakati wa mbalamwezi mitumbwi mingi hupumzika, kwa sababu dagaa hawavutwi na taa kukiwa na mwanga. Giza likirudi, Ziwa Tanganyika mbele ya mialo ya Kibirizi na Katonga linawaka taa za mitumbwi kuanzia ufukweni hadi mbali. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi ni taa nyeupe za betri, kali mno kwa macho. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na ukitupia jicho taa moja ya namna hiyo unaanza upya. Ufukweni pazuri kwa upepo, si kwa nyota. Tafuta mahali ambapo kilima au hata ukuta wa nyumba unakukinga na ziwa, utazame mashariki na juu. Mwenye usafiri aende upande wa Kidahwe, barabara ya Kasulu, ambako taa za mji zinabaki nyuma. Tochi ifunge kitambaa chekundu, na simu ipunguze mwanga hadi mwisho.

Mwezi wenyewe usiuchukie. Ukiwa nusu, tazama pale mwanga unapokutana na kivuli: mashimo na milima inajitokeza vizuri mno. Ukiwa mpevu unaumiza macho tu, hauna kina.

Msimu mzuri ni kiangazi, hasa Juni na Julai. Mwezi Julai, saa nne usiku, kundi la nyota la Nge liko karibu na utosi, na nyuma yake hufuata sehemu nene kabisa ya Njia ya Maziwa, kitovu cha galaksi yetu, jambo ambalo watu wa kaskazini huliona chini kabisa kwenye upeo. Agosti na Septemba moshi wa mashamba na mapori yanayochomwa huchafua anga. Mvua zikianza hujakosa kila kitu: baada ya mvua kubwa, mawingu yakifunguka, Kilimia cha Novemba, kile kikundi cha nyota, kinang'aa kweli.

Sasa kifaa. Ushauri wangu ni kuanza na darubini ya macho mawili yenye maandishi 7x50 au 10x50, yaani ukuzaji wa mara 7 au 10 na lenzi za mbele za milimita 50. Itakuonyesha miezi ya Mshtarii, ileile minne aliyoiona Galileo mwaka 1610, ukiiegemeza mahali isitikisike. Ukiamua kununua ya bomba, usidanganywe na boksi linaloandika "mara 500". Kipimo cha maana ni upana wa lenzi ya mbele au wa kioo kikuu, kwa milimita. Ukuzaji unaofaa hauvuki sana mara mbili ya milimita hizo, yaani lenzi ya milimita 70 inaishia kama mara 140, na hapo anga iwe imetulia. Kioo cha milimita 130 kinakusanya mwanga zaidi ya mara tatu ya hiyo. Angalia pia lenzi za jicho ziwe za inchi 1.25, ili baadaye upate nyingine kirahisi.

Stendi ndiyo inayowaangusha wengi. Zile za ikweta, zenye uzito wa kusawazisha, hutegemea mhimili kuinamishwa kwa nyuzi za mahali ulipo kutoka ikweta. Kwetu ni nyuzi 5, karibu kulala kabisa. Nyingi hazishuki hapo, au uzito unagonga miguu. Chukua inayozunguka kushoto na kulia, juu na chini. Kisanduku cha mbao cha mtindo wa John Dobson, Mmarekani aliyeeneza stendi rahisi za namna hiyo, kinatosha, na fundi seremala wa Mwanga hapa mjini mwenye plaiwudi nzuri anaweza kukitengeneza.

Darubini ya kioo ikitoka Dar kwa treni au basi, tegemea vioo vitakuwa vimehama. Jifunze kuvipanga kabla haijafika. Ikifika, adui ni unyevu wa ziwa: lenzi huota ukungu. Ifunike ikiwa kavu, weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu, na usifute lenzi kwa kanga.

Jua usilielekezee kamwe bila kichujio maalumu kinachofunika mdomo wa mbele. Kile kidogo kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho kinaweza kupasuka kwa joto, na jicho likaungua papo hapo. Miwani ya karatasi, kama ile watu waliyotumia Rujewa, mkoani Mbeya, kwenye kupatwa kwa jua Septemba 1, 2016, ni ya macho matupu, si ya darubini.

Mwisho, majirani. Huu ni mkoa wa mpakani, na mtu mwenye bomba gizani anazua maswali. Mwarifu mwenyekiti wa mtaa, usielekeze bandarini wala kwenye mitumbwi, na vaa mikono mirefu kwa ajili ya mbu. Watoto watajipanga foleni. Wawekee kigoda na waambie wasishike bomba. Kwa ukuzaji wa mara 70 sayari ya Zohali inatoka kwenye lenzi ndani ya dakika tatu hivi, maana dunia inazunguka, kwa hiyo irudishe katikati kila baada ya watu wawili watatu.