Jinsi ya Kumwandalia Rufaa Mtoto Aliyevunjika Mkono Karibu na Kiwiko

Mtoto wa miaka 5 hadi 7 akianguka kutoka mtini na kujikinga kwa mkono ulionyooka, mara nyingi mfupa huvunjika juu kidogo ya kiwiko, mahali ambapo mshipa mkuu wa damu na neva za mkono hupita karibu mno na ncha kali za mfupa. Kwa hiyo tabibu wa hospitali ya wilaya anayemwandaa kwenda hospitali kubwa ya rufaa kama KCMC, Bugando au MOI (taasisi ya mifupa ya Muhimbili) aanze kwa kuchunguza kiganja, hata kabla ya picha ya eksirei.

Papasa mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono, kisha bonyeza ukucha mpaka upauke na uachie: damu inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2. Kupima neva, mwambie mtoto afanye duara kwa kidole gumba na cha shahada, ainue dole gumba, halafu apishanishe kidole cha shahada na cha kati. Mtoto mwenye maumivu hatii amri, ila huiga. Onyesha wewe kwanza, na mama yake naye afanye.

Mpe dawa ya maumivu, kisha funga gango (kibao cha kuutuliza mfupa) la upande wa nyuma, kiwiko kikiwa kimekunjwa nyuzi 30 hadi 40 tu, kwa kuwa kukikunja sana huweza kuubana mshipa. Usimfunge hogo (plasta ngumu) la kuzunguka mkono mzima, maana uvimbe utaongezeka njiani. Ukimaliza, pima mapigo upya na uandike saa. Kama kuna kidonda, kifunike kwa shashi safi yenye maji ya chumvi ya hospitali, na uanze antibiotiki ya mshipa ndani ya saa 1.

Kiganja kikiwa cha baridi, kimepauka na hakina mapigo, piga simu hospitali inayopokea na gari liondoke mara moja. Barua ndefu isilicheleweshe. Hata hivyo, saa ya kuanguka, hali ya mapigo na vidole kabla na baada ya gango, dozi za dawa na saa aliyokula mara ya mwisho lazima ziandikwe.

Iwapo mtoto alipitia kwa mganga wa mifupa, usimkaripie mzazi. Muulize kwa upole vijiti vilifungwa saa ngapi, kwani jibu hilo linaweza kuuokoa mkono.

Njiani, muuguzi apime mapigo na vidole kila nusu saa. Maumivu yakizidi licha ya dawa, au mtoto akipiga kelele vidole vinaponyooshwa taratibu, akate bandeji yote mpaka ngozi ionekane, kisha aiarifu hospitali inayopokea kabla ya kufika.