Somo: Kunyanyua vyuma bila kudanganywa na jasho wala maumivu

Katika kumbi za mazoezi za Dar es Salaam, ziwe zile zenye viyoyozi za Masaki au nyua za Temeke ambako vyuma vimetengenezwa kwa bomba, makopo ya rangi na saruji, hakosekani mtu ambaye kwa mwaka mzima amenyanyua uzito uleule, kwa idadi ileile, na bado anashangaa kwa nini mwili haubadiliki. Juhudi anayo, kwani huwahi kabla ya wenzake na huondoka fulana ikiwa imelowa chapachapa. Kinachomkwamisha ni vipimo vyake: anapima zoezi kwa jasho, kwa uchovu na kwa maumivu ya kesho yake, ilhali misuli hukua inapolazimishwa kufanya kazi inayozidi ile iliyokwisha kuizoea.

Hatua ya kwanza: jua uzito halisi wa vyuma vyako

Vyuma vya kiwandani huandikwa uzito, lakini vya saruji hukadiriwa kwa macho, na macho hudanganya. Kopo la rangi la lita 4 likijazwa zege la kokoto hadi ukingoni hukaribia kilo 9 na nusu. Fundi akilipunguza vidole viwili upande mmoja tu, tofauti huzidi kilo moja, bomba huelemea upande mmoja, na mnyanyuaji hujipinda kufidia bila kujua. Kabla kopo halijafungwa kwenye bomba, lipeleke kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu, kisha uandike uzito wake ubavuni kwa rangi. Kama limekwisha kufungwa, pima bomba zima na uhakikishe kwamba likishikwa katikati halilali upande wowote.

Hatua ya pili: chagua mazoezi machache na ufungue daftari

Imeenea dhana kwamba misuli inapaswa "kushtuliwa" kwa kubadilishiwa mazoezi kila wiki. Mwenye kubadilisha kila wiki hana cha kulinganisha, na sehemu kubwa ya nguvu anazozipata mwanzoni hutokana na mishipa ya fahamu kujifunza tendo jipya kabla misuli yenyewe haijanenepa. Mazoezi matano yanamtosha anayeanza: kuchuchumaa na uzito mabegani, kusukuma ukiwa umelala kwenye benchi, kuvuta uzito kuelekea tumboni, kunyanyua kutoka sakafuni, na kusukuma juu ya kichwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki. Siku 3 zinazopishana na mapumziko ni mpango mzuri zaidi kwa mwenye nafasi. Kila siku andika zoezi, uzito, marudio (mara unazonyanyua mfululizo bila kupumzika) na seti (mizunguko ya marudio hayo). Ningeshauri daftari la karatasi badala ya simu, kwa kuwa simu ikishikwa katikati ya seti huja na mengine yasiyohusu mazoezi.

Hatua ya tatu: ongeza kidogo kidogo, lakini ongeza

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Mwaka 1945, Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyekuwa akiwatibu askari wenye majeraha, alichapisha utaratibu wa kuwanyanyulisha uzito mzito ambao ulipimwa upya na kuongezwa kadiri nguvu zao zilivyorudi, na kanuni hiyo haijapitwa na wakati.

Kwa vitendo, chukua uzito unaoweza kuunyanyua mara 8 kwa umbo sahihi, yaani mkao na mwendo sahihi wa mwili, ukiwa umebakiwa na nguvu za marudio mawili au matatu tu. Fanya seti 3. Ukibaki na uzito huo, ongeza marudio siku hadi siku hadi seti zote 3 zifike 12, ndipo uongeze uzito na kurudi kwenye 8. Wengi hukwama kwa sababu chuma kinachofuata pale ukumbini ni kizito mno, kwa hiyo ama hujilazimisha na kuharibu umbo, ama hubaki walipo. Dawa yake ni rahisi: chupa ya maji ya nusu lita ina uzito wa karibu nusu kilo, na chupa mbili zikifungwa imara kwa mpira wa baiskeli, moja kila upande, zinaongeza karibu kilo moja. Wapo watakaokucheka. Waache wacheke, wewe andika kwenye daftari.

Wala si kweli kwamba uzito mwepesi haujengi misuli kabisa. Marudio machache ya uzito mkubwa na marudio hata 30 ya uzito mdogo yote huikuza misuli, mradi seti iishie karibu na kushindwa kunyanyua tena. Anayeishia 15 ilhali angeweza kufika 30 hajaipa misuli sababu ya kukua.

Hatua ya nne: acha kufukuza jasho na maumivu

Jasho ni njia ya mwili kujipoza. Katika unyevunyevu wa Dar es Salaam, hasa kati ya Desemba na Machi, jasho halikauki upesi juu ya ngozi, hivyo fulana iliyolowa hueleza zaidi hali ya hewa kuliko kazi iliyofanyika. Wanaojifunga mifuko ya nailoni tumboni au kuvaa majaketi mazito hupoteza maji yanayorudi mara wanapokunywa, na hujiweka katika hatari ya kuzidiwa na joto. Maumivu ya misuli nayo, ambayo huwa makali kati ya saa 24 na 72 baada ya zoezi, huonyesha kwamba kazi ilikuwa ngeni. Ukiizoea hupungua huku misuli ikiendelea kukua.

Hatua ya tano: kula na kulala

Anayejenga misuli hufaidika na takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani gramu 112 kwa mtu wa kilo 70. Unga wa protini wa kopo si sharti: yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maharage yaliyopikwa kina karibu gramu 15, na dagaa wakavu, wakichambuliwa mchanga, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Ugali na wali havina kosa lolote. Ndivyo vinavyoipa misuli nishati ya kunyanyua. Usingizi wa saa 7 au zaidi hauna mbadala.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Mbagala: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanamke, nahofia kuwa na mwili wa kiume nikinyanyua vyuma vizito.*

Marahaba, dada. Homoni ya testosteroni, inayochangia sana misuli mikubwa ya wanaume, kwa wanawake ni kidogo mno. Utapata nguvu, umbo lililokaza na mifupa imara. Misuli haivimbi kwa bahati mbaya. Wanaoitaka huihangaikia kwa miaka.

*Mwanachama wa Sinza: Napiga mazoezi ya tumbo mara 200 kila siku, kitambi hakiondoki.*

Zoezi la tumbo huimarisha misuli iliyo chini ya mafuta, haliyachagui mafuta ya hapo. Kitambi hupungua mwili mzima unapotumia nishati nyingi kuliko inayoingia, kwa hiyo anzia kwenye soda, chipsi na vitafunwa vya jioni. Mara 200 zipunguze ziwe seti 3 nzito.

*Mwanachama wa Ilala: Ramadhani nisimamishe vyuma?*

Hapana, ndugu yangu. Nguvu hudumu kwa kazi kidogo mradi uzito usishushwe, kwa hiyo punguza seti, siyo kilo. Fanya mazoezi saa moja au mbili baada ya futari nyepesi, na protini igawe kati ya futari na daku.

*Mzazi wa Ubungo: Kijana wangu ana miaka 14. Naambiwa vyuma vitamfupisha.*

Hakuna ushahidi kwamba mazoezi ya uzito yanayosimamiwa vizuri huzuia kimo. Hatari ni kuangukiwa na chuma, au kushindana na wakubwa bila msimamizi. Aanze na pushapu na kuchuchumaa bila uzito, umbo likikaa sawa apewe bomba tupu, na asiruhusiwe kulala kwenye benchi bila mtu mzima kusimama nyuma yake.