Kujifunza matetemeko, volkano na mapango ukiwa hapa hapa Malindi ama Lamu

Watu wengi wakitaka kujua mambo ya ardhi wanakimbilia YouTube kutazama lava, bando linaisha, alafu ukimuuliza jiwe la ukuta wa nyumba yao limetoka wapi hajui. Mimi nasema anza na hilo jiwe la ukuta, lava itakungoja.

Nyumba za kale za Lamu ni matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na kule Manda Maweni mawe bado yanachongwa. Sasa hilo tumbawe lilikuwa kiumbe hai chini ya maji, na sehemu kubwa ya mwamba wa pwani yetu ilijengeka kama miaka 125,000 iliyopita wakati bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Kaokote kipande kwenye kifusi cha fundi (usivunje ukuta wa mtu, na usiguse kitu ndani ya marine park, hiyo ni kesi), kioshe, kitazame na lenzi ama kamera ya simu ukivuta karibu, utaona vijitundu vya wale wadudu waliolijenga. Likwaruze na msumari upate unga kidogo, tia tone la siki ama ndimu. Litatoa povu. Hapo umeshajua ni jiwe la chokaa, manake chokaa ikikutana na asidi inatoa hewa ya kaboni.

Ukielewa hilo povu umeelewa mapango pia. Mvua inabeba hewa ya kaboni kutoka angani na kwenye udongo, inakuwa asidi dhaifu sana, inapenya nyufa za mwamba, inaula pole pole kwa maelfu ya miaka mpaka pango linatokea. Panga ya Saidi huku kwetu Kilifi ni pango la mwamba wa chokaa, na ndimo walimokuta kaburi la mtoto wa miaka kama mitatu aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, habari yake ikatolewa 2021, na huyo mtoto wakampa jina Mtoto basi, hawakusumbuka. Usichanganye na yale mapango ya kwenye majabali ya ufuoni, mengi yale yamechimbwa na mawimbi yakipiga pale pale kila siku. Kuyaangalia subiri bamvua, maji yakipwa sana, na ujue saa ya kujaa kabla hujashuka. Pango lolote usiingie peke yako, beba tochi mbili, na uulize wazee kwanza kwa sababu mengine ni mahali pa watu pa kuombea, si pa kupigia selfi.

Alafu nenda Marafa, lile korongo la kaunti hii hii ya Kilifi. Wageni wamepabandika jina la jiko la jehanamu na watu wakadhani ni volkano ililipuka. Hapana bana, hakuna volkano pale. Ni mchanga na udongo uliolala tabaka juu ya tabaka, mvua na upepo vikauchonga, na ule wekundu ni madini ya chuma. Nenda jioni jua likiwa chini, rangi zinatoka vizuri. Chora matabaka kwenye daftari ukianzia chini, la chini ndilo la zamani zaidi kama hayajapinduliwa. Na popote utakapotazama miamba, kama tabaka limekatika na upande mmoja umeshuka au umesogea, hiyo ndiyo fault, ufa wenyewe. Mwamba ukipasuka tu bila kusogea huo ni mpasuko wa kawaida, usianze kutisha watu.

Volkano hapa hatuna, itabidi upande Longonot ama Menengai siku moja ukiwa bara. Lakini pia tazama ng'ambo ya bahari: Ngazija, alikotoka yule mwanachuoni Habib Swaleh aliyekuja Lamu, kuna Karthala ambayo bado iko hai. Na karibu na Mayotte, kuanzia 2018 volkano mpya imezaliwa chini ya bahari, kisiwa kikawa kinatikisika miezi na miezi kabla wanasayansi hawajaiona.

Matetemeko ni rahisi zaidi kuliko unavyofikiria, ni bure mtandaoni. Fungua ramani ya matetemeko ya USGS (shirika la serikali ya Marekani la kuchunguza ardhi), vuta Afrika Mashariki, chagua miaka mingi badala ya wiki moja, weka ukubwa wa tetemeko kuanzia 4.5. Utaona vidoti vinafuata Bonde la Ufa, na vingine viko baharini kusini yetu. Lile la tarehe 12 Agosti 2020 pwani ya Tanzania, ukubwa karibu 6, ni la huko. Tafuta pia la Subukia la 1928, lilikuwa 6.9. Kumbuka namba ikipanda moja tu nguvu inapanda kama mara 32, kwa hivyo 6.9 na 5.9 si majirani.

Na si lazima usikie mtikisiko ndio bahari ikufikie. Tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ilivunjika Sumatra, hapa hakuna aliyetikisika, lakini mawimbi yalivuka bahari nzima kwa masaa mengi, Somalia wakafa mamia na Kenya alikufa mtu mmoja. Ukiona bahari inarudi nyuma ghafla si wakati wake wa kupwa, usishuke kuokota samaki, panda juu.

Ukishazoea ramani jaribu kupima mwenyewe umbali wa mahali tetemeko lilipotokea. Kwenye mchoro wa stesheni ya kupima matetemeko, wimbi la kwanza la mtikisiko linafika mapema, la pili linachelewa. Hesabu sekunde katikati yao, zidisha kwa 8, unapata kilomita kwa kukadiria, kama tetemeko si la mbali sana. Stesheni moja inakupa umbali tu, haikupi upande, kwa hivyo tafuta tatu, chora duara tatu kwenye ramani kwa bikari, zinapokatana ndipo lilipotokea. Zisipokatana vizuri, rudia kuhesabu sekunde, mara nyingi wimbi la pili ndilo linasomwa vibaya.