Jinsi ya kuomba bei nafuu ya posta Marekani kwa barua za jumuiya

Mwaka unapokaribia kuisha, katibu wa jumuiya ya Waswahili huku Marekani hukaa mezani na bahasha mia nne, mia tano. Kuna mwaliko wa mkutano mkuu, kuna barua ya mchango, kuna kalenda. Utaambiwa siku hizi kuna WhatsApp. Sawa, ila wazee hawafuatilii kundi lenye ujumbe mia mbili kwa siku, na anayechangia kwa hundi anataka bahasha mkononi.

Julai 2025 stempu ya barua ya kawaida ilipanda hadi senti 78. Kwa bei hiyo barua 500 ni dola 390. Shirika la posta la huku, USPS, lina daraja la bei ya chini liitwalo Marketing Mail kwa barua nyingi za aina moja, na ndani yake kuna bei ya chini zaidi kwa mashirika yasiyo ya faida. Sheria inataka mapato ya posta kwa barua moja ya shirika la namna hiyo yakaribie asilimia 60 ya yale ya barua ya mfanyabiashara. Ukilinganisha na stempu, unaokoa kama nusu dola kwa kila bahasha.

Usidhani posta inatoa sadaka. Punguzo hili ni ujira wako. Wewe unasahihisha anwani, unapanga barua kwa msimbo wa ZIP, na unaunda bahasha ambayo mashine itaimeza bila kukwama. Ukilegea mahali, ujira unakatwa.

Piga hesabu kabla ya fomu

Kiwango cha chini ni barua 200 au ratili 50 kwa mpigo mmoja. Kuna pia ada ya kila mwaka, ambayo imeshapita dola 300, na mwaka wa kwanza kuna ada nyingine ya kufungua kibali cha kuchapa muhuri wa posta kwenye bahasha badala ya stempu. Bei hupanda mara kwa mara, kwa hiyo soma orodha ya posta yenyewe, Notice 123, siku unayopanga kutuma.

Kwa hesabu yangu, jumuiya inayotuma chini ya barua 700 kwa mwaka haipati kitu: nusu dola zote unazookoa zinamezwa na ada. Hapo heri mumtumie mchapaji au kampuni ya kutuma barua yenye kibali chake. Shirika lenu likiwa na idhini ya bei ya yasiyo ya faida, mnaweza kupitisha barua kwenye kibali cha kampuni hiyo bila kulipa ada ya mwaka. Jumuiya nyingi ndogo zingetakiwa kuishia hapo, ingawa viongozi wengi hupenda kuona jina la kibali chao wenyewe.

Idhini: Fomu 3624

Watu wengi hukwama hapa kwa kudhani barua ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inayolisamehe shirika kodi chini ya kifungu cha 501(c)(3) inatosha. Posta haiifuati moja kwa moja. Ina makundi yake: dini, elimu, sayansi, hisani, kilimo, vyama vya wafanyakazi, maveterani, na vyama vya udugu. Lazima shughuli kuu ya shirika iangukie kwenye kundi mojawapo. Chama cha kuzikana na kusaidiana kisijieleze kama klabu ya burudani kwa sababu tu picha zote za tovuti ni za sherehe ya Idi na nyama choma.

Jaza PS Form 3624. Maombi hayana ada. Ambatisha katiba au hati ya usajili wa jimbo, barua ya IRS kama mnayo, na ushahidi wa kazi mnayofanya: mihtasari ya mikutano, vipeperushi, taarifa ya mapato na matumizi. Jina kwenye fomu lifanane herufi kwa herufi na jina la kwenye hati. Anayesaini awe kiongozi wa shirika. Mjumbe aliyejitolea kuendesha gari hadi posta hahesabiki.

Wakati mnasubiri jibu mnaweza kutuma kwa bei ya kawaida ya Marketing Mail, kisha idhini ikitoka mkaomba kwa maandishi kurudishiwa tofauti. Tunza risiti zote. Kibali cha kutuma chenyewe kinaombwa kwa PS Form 3615, na fomu zote mbili zinapokelewa na kitengo cha posta kinachoshughulikia barua za biashara, kiitwacho BMEU. Si kila ofisi ya posta ina kitengo hicho, kwa hiyo uliza kwanza.

Yaliyomo yana mipaka

Risiti ya mchango au taarifa ya mwisho wa mwaka yenye jina na kiasi alichotoa mtu haiendi kwa bei hii, kwa sababu ni taarifa binafsi. Hiyo ni barua ya daraja la kwanza (First-Class), ile ya stempu ya kawaida. Tangazo la bima, la kadi ya mkopo au la wakala wa tiketi za kwenda nyumbani Desemba linaweza kuifanya shehena yote ilipiwe bei ya biashara. Wala usimwazime kibali shemeji mwenye duka. Barua lazima iwe ya shirika lenyewe, na jina la shirika lionekane nje ya bahasha au mahali pa wazi ndani yake.

Umbo la bahasha

Mwaka mmoja tulichapisha kadi za mwaliko za mraba, zenye utepe. Zilipendeza kweli. Tulipozipeleka tuliambiwa mashine haiwezi kuzipitisha, na bei ikapanda kwa kila kadi. Mchapaji hakutuonya, na sisi hatukuuliza.

Barua ya bei ya chini iwe na urefu wa inchi 5 hadi 11.5, kimo cha inchi 3.5 hadi 6.125, na unene usiozidi robo inchi, huku uzito ukiishia wakia 3.5. Urefu ni ule upande unaokwenda sambamba na maandishi ya anwani. Kwa hiyo kadi ileile ukiandika anwani kwa kuisimamisha, vipimo vyake vinabadilika mbele ya posta. Gawanya urefu kwa kimo: jibu liwe kati ya 1.3 na 2.5. Mraba hutoa 1, ndiyo maana kadi zetu zilianguka. Kalamu au funguo ndani ya bahasha, na vifungo vya chuma au kamba za kuifungia, pia huikwamisha mashineni.

Karatasi nayo ina masharti. Unene wa chini ni inchi 0.007, lakini kadi ikizidi kimo cha inchi 4.25 au urefu wa inchi 6, inatakiwa 0.009. Kipeperushi kinachokunjwa na kutumwa bila bahasha ndicho chenye masharti mengi kuliko vyote: kisizidi wakia 3, mkunjo wa mwisho uwe chini au upande wa kulia, na kifungwe kwa angalau vibandiko viwili visivyo na vitobo. Pini za stepla hapana.

Upande wa anwani, acha nafasi tupu kwenye kona ya chini kulia, upana wa inchi 4¾ na kimo cha inchi 5/8. Hapo ndipo msimbopau (barcode) unapokaa. Mbunifu kijana atataka kuweka picha ya bendera au ya Mlima Kilimanjaro kwenye kona hiyo. Mwambie aihamishie nyuma.

Kona ya juu kulia uchapwe muhuri wa kibali: "NONPROFIT ORG.", "U.S. POSTAGE PAID", mji na jimbo la posta iliyotoa kibali, na namba yake. Kona ya juu kushoto ni anwani yenu.

Kisha, kabla ya kumlipa mchapaji, peleka mchoro kwa mtaalamu wa posta wa kukagua miundo ya barua, Mailpiece Design Analyst. Huduma hii ni bure. Omba pia Notice 67, ile plastiki ya kupimia barua. Siku moja ya kusubiri jibu la mkaguzi ni nafuu kuliko kuchapa upya bahasha mia tano.

Orodha ya anwani

Daftari la jumuiya lina "Mama Neema, ghorofa ya juu" na namba ya simu. Haliwezi kutumika hivyo. Posta inataka anwani zilinganishwe na taarifa za waliohama ndani ya siku 95 kabla ya kutuma. Kampuni za barua hufanya kazi hiyo kwa programu zilizothibitishwa. Njia nyingine inayoruhusiwa ni kuandika "Or Current Resident" baada ya jina, lakini barua ya mchango iliyoandikwa hivyo inapoteza uzito, mimi siipendi.

Jambo linalowashangaza wengi: barua ya daraja hili isiyoweza kufikishwa hairudi. Posta huitupa, isipokuwa umechapa agizo kama "Return Service Requested", na kila inayorudi mnalipia. Tuma na agizo hilo mara moja kwa mwaka kusafisha orodha. Mara nyingine liache.

Kupanga na kupeleka

Barua zote ziwe na uzito mmoja. Usiwawekee wafadhili wakubwa picha ya ziada. Posta hupima chache na kukisia idadi ya zote, na zikitofautiana mzigo unakataliwa.

Chukua trei na lebo BMEU, ni bure. Barua zikifika 150 kwa kituo kimoja cha kuchambulia hupata trei yake. Zilizobaki huingia trei ya mchanganyiko. Jumuiya yenye watu wengi mji mmoja kazi yake ni ndogo. Anayetaka bei ya chini kabisa anahitaji msimbopau wa kisasa wa posta wenye mistari 65, kwa hiyo anahitaji programu. Kwa barua mia chache naona tofauti hiyo haistahili kuhangaikiwa.

Jaza taarifa ya malipo, PS Form 3602-N, hakikisheni akaunti ina pesa, na pelekeni BMEU asubuhi, si kwenye dirisha la stempu. Barua hizi hazina haraka kama za daraja la kwanza, kwa hiyo mwaliko wa mkutano uondoke wiki tatu kabla. Nakala ya 3602-N iwekwe kwenye faili la katibu: miaka miwili ikipita bila kutuma kwa bei hiyo, idhini hufutwa, na atakayewarithi ataanza tena na Fomu 3624.