Kabla hujaomba chuo cha kiwewe na majanga, uliza nani atakusimamia

Kila ifikapo Agosti, madirisha ya ufadhili yanapofunguliwa, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Shikamoo mama, nataka kusoma masta ya kiwewe na majanga. Chuo gani kizuri?" Kiwewe ni jeraha la moyo linalobaki baada ya tukio la kutisha. Wanaouliza ni wauguzi, maafisa ustawi wa jamii, walimu wa unasihi, vijana wa Msalaba Mwekundu. Wengi walivutwa na tukio: MV Nyerere ilipozama karibu na Ukara Septemba 2018, au tope la Mlima Hanang lilipoingia Katesh tarehe 3 Desemba 2023. Nami huwajibu kwa swali: ukishahitimu, unataka ukae na mtu mmoja mmoja umtibu, au upange huduma za kambi nzima?

Hizo ni njia mbili, na matangazo ya vyuo mara nyingi huzichanganya.

Ukitaka kutibu, anzia kwenye saikolojia tiba. Muhimbili (MUHAS) wana shahada ya uzamili ya fani hiyo, na Chuo Kikuu cha Nairobi vilevile. Huko kiwewe ni sehemu tu ya masomo. Utasoma pia sonona, saikosisi (mtu kusikia au kuamini yasiyokuwepo), ulevi na matatizo ya watoto. Ndivyo inavyotakiwa. Mtu aliyenusurika mafuriko haji kwako na kiwewe peke yake. Anakuja na kifafa alichonacho tangu utotoni, na dawa zake zimesombwa pamoja na kabati. Kama uko Kenya, kumbuka kuna sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014, na bodi inayosajili. Waulize mapema kama shahada unayoitaka wanaitambua.

Ukitaka kupanga huduma, kuna shahada ya uzamili ya afya ya akili ya dunia inayoendeshwa kwa ubia na King's College London na London School of Hygiene & Tropical Medicine. Ukiisoma muda wote ni mwaka mmoja. Utatoka ukijua utafiti, sera na namna ya kupima kama mradi umesaidia watu, lakini hutatoka na leseni ya kutibu. University of Denver ya Marekani wana shahada ya miaka 2 inayobeba majina yote matatu, majanga, kiwewe na afya ya akili ya dunia, na mwanafunzi hufanya kazi na wateja wakati anasoma. Ada za nje ni kubwa, kwa hiyo tafuta ufadhili kwanza ndipo upende chuo.

Kabla ya hayo yote, pata mafunzo mafupi ya huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 unayajenga juu ya mambo matatu: angalia, sikiliza, unganisha mtu na ndugu na huduma anazohitaji. Ni mafunzo ya muda mfupi, na yatakuonyesha kama kazi hii unaiweza.

Ninapoyaendesha mafunzo hayo huwapanga watu wawili wawili. Mmoja anaigiza mama aliyepoteza mtoto kwenye maji, mwenzake anaigiza msaidizi. Karibu kila mara msaidizi huanza na, "Hebu nieleze ilikuwaje." Nasimamisha zoezi hapo hapo. Mama huyu hajala tangu jana, nguo zimelowa mwilini, na hajui mtoto wake wa pili yuko wapi. Tunaanza upya: "Pole sana, mama. Naitwa fulani, niko hapa kusaidia. Umepata chai? Kuna ndugu tunayeweza kumpigia?" Baada ya hapo, kimya. Kimya hicho ndicho kinachowashinda wengi. Mikono inatafuta simu, mdomo unatafuta "Mungu ana makusudi yake". Nawarudisha kwenye zoezi hadi waweze kukaa dakika nzima bila kusema neno.

Shirika la Afya Duniani halishauri kumbana manusura asimulie tukio zima katika kikao kimoja mara baada ya janga. Chuo kinachofundisha kikao hicho kama dawa ya kila mtu, usikiombe.

Sasa nije kwenye jambo ninalolisisitiza kuliko yote: usimamizi. Huko Zimbabwe, Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mtaani kuwasaidia watu waliozidiwa na mawazo, wakiwa wamekaa nao kwenye benchi. Kazi hiyo imefika hadi Zanzibar. Nairobi, wanawake waliopitia ukatili walisaidiwa na wahudumu wasio wataalamu kwa PM+, programu ya Shirika la Afya Duniani ya kumsaidia mtu kukabili matatizo yake, yenye vikao 5 tu, na utafiti ukaonyesha nafuu. Wahudumu hao hawakuwa na shahada ya uzamili. Walikuwa na mafunzo, na mtu wa kukaa nao mara kwa mara kupitia kazi yao. Ukiwa na shahada lakini huna mtu huyo, utamuumiza mteja na utajiumiza mwenyewe.

Msimamizi mzuri husikiliza sauti ya kikao iliyorekodiwa kwa ridhaa ya mteja. Husimamisha na kuuliza: hapa alipotaja mumewe, mbona uliharakisha kubadili mada? Anakuuliza umelalaje. Anaona kwamba wiki ya tatu mfululizo unamsimulia mtoto yule yule, anakupunguzia kesi. Kwa hiyo uliza chuo: ni saa ngapi za kukaa na wateja, ni saa ngapi za usimamizi kila wiki, na msimamizi mwenyewe bado anaona wateja?

Uliza pia kama wanafundisha kufanya kazi na mkalimani, maana vyuo vingi hulipita jambo hili haraka. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, imepokea Wakongo na Warundi, na si kila mtu atakufungulia moyo kwa Kiswahili. Kutana na mkalimani kabla ya kikao, mkubaliane atafsiri kila kitu, hata tusi. Hakikisha si jirani wa mteja wala ndugu wa mumewe. Kaeni pembetatu, mtazame mteja, sema naye, usiseme "mwambie kwamba". Sentensi ziwe fupi. Kikao kikiisha, mpe mkalimani nafasi ya kupumua, maana maneno yote ya kifo yamepita kinywani mwake, na huenda naye alikimbia vita ile ile.

Barua ya maombi usiianze kwa "tangu utotoni napenda kusaidia watu". Andika ulichokiona na kilichokosekana: "Katika makazi ya muda tulikuwa na magodoro na unga, lakini hapakuwa na mtu aliyejua wagonjwa wa akili wapate wapi dawa zao. Nataka kujifunza kupanga hilo kabla ya janga." Sentensi mbili kama hizo zinamwambia msomaji kwamba ulikuwepo na uliangalia.

Saa zako za kazi zihesabu kuanzia leo. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, kwa mfano, wanadai angalau saa 2,800 za uzoefu, na kazi ya kujitolea inahesabiwa. Omba barua ya uthibitisho siku unapomaliza kila kazi. Mashirika ya dharura hufunga ofisi na kuondoka, na meneja aliyekufahamu utamkuta yuko Sudan Kusini bila mtandao.

Mwisho, mwandikie mratibu wa kozi barua pepe fupi yenye yale maswali ya usimamizi, na uombe kuunganishwa na mhitimu mmoja kutoka Afrika Mashariki. Mhitimu huyo mwulize alifanyia wapi mazoezi na nani alimsimamia. Akikujibu kwamba alijitafutia mwenyewe, endelea na chuo kinachofuata kwenye orodha yako.